Kitako cha Mpingo

Kila asubuhi, kabla hajashika tezo, Mzee Nikodemu Nandonde huvua kofia, akaipakata gotini, na kumshukuru Mungu kwa vitu anavyoviona mbele yake, kimoja kimoja. Hushukuru kwa macho, ingawa la kushoto limekwisha kuingia ukungu. Hushukuru kwa mkono wa kulia. Hushukuru hata kwa taa iliyoning'inia juu ya banda lake la kuchongea, pale Mbagala, kwa maana umeme wake, asema, unatokana na gesi ya Songosongo, na mtu wa kusini akiwasha taa mjini anamulikwa na cha kwao.

"Mzee, ukishamaliza kuishukuru hiyo taa, uinunulie na umeme wa luku," husema Deogratias, mchongaji mwenzake, mtu wa miaka arobaini na ushei ambaye mdomo wake ni mwepesi kuliko patasi yake.

"Nitainunulia, mwanangu. Na humo kwenye luku mna kodi pia. Nayo tushukuru."

"Hiyo shukuru mwenyewe. Mie nakaa kimya."

Nikodemu alizaliwa upande wa Masasi, akasoma shule ya misheni, na huko bruda mmoja fundi seremala akamfundisha kuutazama mti kabla ya kuugusa. Alifika Dar es Salaam mwaka sabini na nne, kijana wa miaka ishirini na mmoja, akaingia katika chama cha ushirika cha wachongaji. Siku hizo mpingo uligawiwa kwa zamu, vinyago viliuzwa kwa pamoja, na mapato yakagawanywa sawasawa. Walizikana, waliuguzana, walisomesheana watoto. Siku hizo azikumbukapo sauti yake hulegea. Lakini hapendi kuisifia jana kupita kiasi, na huongeza kwamba walikuwapo watu waliolala kivulini kutwa, na jioni wakanyoosha mkono sawa na aliyetokwa na malengelenge.

Kisha ukaja wakati wa kila mtu na lake. Ushirika ukafa bila matanga. Nikodemu aliuza kwa bei aliyoipenda, akajenga nyumba ya matofali, akamsomesha binti yake Sesilia hadi chuo cha ualimu. Kwa hilo pia anashukuru. Ila katika miaka hiyo magogo yaliletwa alfajiri na watu wasiotaja walikotoka, karatasi moja ya kibali ikitembezwa na lori zima la mpingo. Nikodemu aliyanunua. Hakuuliza.

Kinyago alichojulikana nacho tangu ujanani ni nguzo ya ujamaa: watu wamebebana mabegani, mama juu ya baba, mtoto juu ya mama, mwenye ungo na mwenye jembe, wamefungamana kutoka kitakoni hadi kileleni, na wote ni gogo moja lisiloungwa popote. Nguzo hizo zimesimama katika hoteli na katika nyumba za matajiri wa nchi nyingi.

"Ujamaa nimeuchonga miaka hamsini," husema akicheka mpaka kikohozi kimkamate, "na wote nimewauzia mabepari."

Miaka sita iliyopita Sesilia alipangiwa kufundisha Mchakaleni, kijiji cha ndani kabisa huko Kilwa. Nikodemu alipokwenda kumtembelea, alikuta jambo ambalo hakuwahi kuliona katika maisha yake yote ya kununua mpingo. Kijiji kilikuwa na msitu wake. Wanakijiji waliketi mkutanoni wakakubaliana ni miti mingapi ikatwe mwaka ule na ipi iachwe. Kila gogo lililokatwa liligongwa nyundo ya chuma kwenye kitako, ikaacha alama na namba. Mnunuzi, awe tajiri namna gani, alilipa kijiji kwanza, halmashauri ikapata yake na serikali yake, ndipo gogo likaondoka. Na kuanzia hapo lilikuwa mali ya mnunuzi, alifanyie biashara atakavyo. Kwa fedha za msitu huo kijiji kilijenga zahanati yenye chumba cha kujifungulia.

Katika chumba hicho, mwaka uliofuata, Sesilia alijifungua. Damu ilimtoka nyingi. Nesi alikuwapo, dawa ilikuwapo, taa ilikuwapo. Mama na mtoto wakapona. Nikodemu alipofika kumwona mjukuu, alisimama mbele ya mlango wa chumba kile kwa muda mrefu, na wenyeji walidhani anasali. Alikuwa akiyakumbuka magogo ya alfajiri. Hakujua yalitoka kijiji gani, wala kijiji hicho kilikosa chumba gani.

Tangu siku hiyo hakununua tena gogo lisilo na alama. Deogratias alinung'unika, kwa kuwa magogo hayo yalikuwa ghali, na banda lao halikuwa na kitu cha kuchezea. Alinung'unika, lakini hakuondoka.

Basi mwaka huu mwenye nyumba ya wageni huko Boko, Bwana Revelian, mtu wa Bukoba mwenye heshima zake, aliagiza nguzo yenye urefu wa mtu mzima. Nikodemu alijua itakuwa nguzo yake kubwa ya mwisho. Daktari wa macho alikwisha kumwambia kwamba jicho la kulia nalo limeanza kuufuata mkondo wa mwenzake, na kazi ndogondogo za vidole na kope aziage kabla mwaka haujaisha. Gogo lilitoka Mchakaleni, zito hata wanaume wanne walilishusha kwa kuhema. Nikodemu alilichonga miezi mitano. Katika umati wa watu wa nguzo ile alimweka mwanamke mmoja aliyejifungua, na nesi amemshika mkono.

Afisa misitu alikuja siku ya Jumamosi mchana, siku moja kabla Bwana Revelian hajafika kuuchukua mzigo wake. Aliitwa Loveness, dada wa Kipare mwenye buku kubwa kwapani, na alikuwa akikagua mabanda yote ya mtaa ule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Alikitazama kibali, akaisoma namba yake kwa sauti, akapiga magoti kuangalia kitako cha nguzo. Akainuka, akaangalia na kileleni.

"Babu, alama ya nyundo iko wapi?"

Nikodemu aliinama, akakipapasa kitako kwa vidole. Mchongaji yeyote, apatapo gogo, kwanza hukikata kitako kwa msumeno, kipande cha unene wa vidole vitatu, ili nguzo isimame wima isiyumbe. Ndivyo bruda alivyomfundisha. Tangu aanze kununua magogo yenye alama alijizuia kila mara: alikata upande wa kileleni, akaugeuza mti, alama ikabaki juu. Safari hii jicho lilimdanganya. Mkono ukafuata mazoea ya miaka hamsini, ukakata upande uliogongwa nyundo.

"Nimeikata," alisema. "Mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu."

"Lakini karatasi si hii hapa, sista?" Deogratias aliingilia. "Namba ipo, muhuri upo. Kuna ishu gani tena?"

"Kaka, karatasi hii naweza kuitembeza na magogo ishirini. Alama ndiyo inayosema gogo hili ni lile."

Deogratias alimvuta Nikodemu pembeni, nyuma ya rundo la vinyago vya simba. "Mzee, tumpe ya soda yaishe. Miezi mitano hiyo! Wakiibeba nguzo, macho ya kuchonga nyingine utayatoa wapi?"

Hapo Deogratias alisema kweli, na Nikodemu alilijua hilo. Aliitazama nguzo. Akarudi mbele ya Loveness.

"Mwanangu, unachosema ni sawa. Karatasi moja na lori zima, mimi nimeyaona hayo, na nimeyanunua. Usinionee huruma. Nipe tu muda nikitafute kipande hicho."

Loveness aliangalia saa. "Nipo mtaa huu mpaka saa kumi. Baada ya hapo, babu, sina budi nguzo iende ofisini, na huko inaweza kukaa sana."

Nikodemu alikumbuka vizuri kipande kilikokwenda. Alimpa Zubeda, mama lishe wa upande wa pili wa barabara, aliyeomba kitu kigumu cha kuwekea sufuria. Alivuka barabara akihema.

"Zubeda, kile kibao cha duara nilichokupa…"

"Mzee Niko! Kibao kile dawa. Hakiungui, hakipasuki. Nimemwazima Rukaiya, ndugu yangu, Rangi Tatu kule, wanaoza binti leo."

Alipanda bajaji hadi Rangi Tatu. Mlio wa taarabu ulimwelekeza nyumba yenyewe. Uani palikuwa na moshi, wanawake wenye khanga za sare, na sufuria nane za pilau. Rukaiya, jitu la mama lenye cheko la kutikisa bati, alimwonyesha kwa mwiko. Ile sufuria ndogo ya wazee wa upande wa bwana harusi ilikuwa imeepuliwa, ikakalishwa juu ya kibao cha mpingo, na mfuniko wake umepaliwa makaa mekundu.

"Naomba niinyanyue kidogo tu," alisema Nikodemu.

Wanawake watano waligeuka kwa pamoja.

"Pilau iliyopaliwa inyanyuliwe?" aliuliza Rukaiya. "Mzee, umeoa kweli wewe?"

"Nimeoa, nikafiwa."

"Pole. Basi marehemu hakukufundisha. Ikitikiswa sasa itakuwa bokoboko, na wale wazee wa Lindi watatusema mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Kaa hapo, ikauke."

"Inakauka kwa muda gani?"

"Kwa muda wake."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikodemu alikaa juu ya kreti ya soda. Hapakuwa na la kufanya ila kuitazama sufuria, na taratibu akaanza kutulia. Alifikiri juu ya kipande kile: kiliota katika msitu wa watu, kikakatwa kwa ruhusa ya watu, kikailipia zahanati alimoponea Sesilia, na sasa kimeibeba pilau ya harusi ya watu asiowajua. Akajiona mtu aliyepewa mengi. Hata kama nguzo ingebebwa, kilichokwisha kulipwa Mchakaleni kilikwisha kulipwa. Hakuna ambaye angemrudisha Sesilia katika damu ile. Alilisema hilo moyoni, na alishangaa kuona kwamba analiamini. Hata hivyo hakuacha kuyatazama makaa.

Saa tisa na dakika ishirini Rukaiya alikwangua makaa, akafunua, akanusa, akaridhika. Wanawake wawili waliinyanyua sufuria. Uso wa juu wa kibao ulikuwa mweusi kwa masizi na umemeta kwa mafuta. Nikodemu alikigeuza. Chini, upande uliolazwa kwa sababu ya mabonde yake, alama ilikuwapo: nzima, imezama katika mti, na namba zake zinasomeka hata kwa jicho moja.

"Kibao utakirudisha lini?" aliuliza Rukaiya.

"Mwambie Zubeda nitamchongea kingine. Nawe pia."

"Basi chukua na sahani, usiondoke na njaa."

Loveness alikuwa anafunga buku lake Nikodemu aliposhuka kwenye bajaji, kibao mkono mmoja, sahani ya pilau iliyofungwa kwa mfuko mkono wa pili. Afisa aliisoma namba, akailinganisha na kibali. Kisha akasema, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, "Namba ni hiyo. Ila nitajuaje kwamba kipande hiki ni cha nguzo hii?"

"Deo, ilaze," alisema Nikodemu.

Waliilaza nguzo juu ya magunia. Nikodemu alikifuta kibao upande wa juu kwa shati lake, masizi yakatoka, na ufa mwembamba ukaonekana, uliopinda kama mto kwenye ramani, ukipita kando ya kiini. Alikiweka kibao kitakoni, akakizungusha polepole. Ufa wa kibao ukaukuta ufa wa nguzo. Ganda jeupe la mti likakutana na ganda jeupe pande zote. Loveness alipitisha ukucha wake kwenye maungio, akazunguka nao mpaka alipoanzia.

"Haya, babu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Akaandika kitabuni, akagonga muhuri kwenye kibali. "Lakini mti mwingine usiukate alama."

"Hakuna mwingine, mwanangu. Huu ndio wa mwisho. Na huo mkono wako umefanya kazi njema. Wengine tulikosa watu kama wewe zamani."

Loveness alilipachika buku kwapani. Alikubali vijiko viwili vya pilau, kwa kusimama, akaenda zake.

Deogratias alipekua sanduku lake la vifaa. Mwishowe alileta gundi na vigingi vinne vya mpingo bila kuambiwa. "Kirudishe mahali pake," alisema. "Nguzo itazidi urefu kidogo, basi. Mie nitakusawazishia. Wewe pumzisha macho."

Bwana Revelian alifika Jumapili baada ya ibada, akalipa, akapewa risiti yake ya mashine. Aliizunguka nguzo mara tatu, akasimama mbele ya yule mwanamke na nesi. Zubeda naye alivuka barabara, mikono ina unga, kuja kuaga kazi ya mzee. Alitazama juu, akatazama chini, akainama.

"Wee! Si kibao changu hiki?"

"Ndicho," alisema Nikodemu.

"Na watu wote hawa wamesimama juu yake?"

"Wote."

Zubeda alihesabu vichwa kwa kidole mpaka akachoka. Nikodemu alivua kofia yake, ingawa ilikuwa mchana tayari, akaipakata gotini.