Springi Mpya ya Bunduki

Juzi, dukani Kombani, niliona springi ndefu zimetundikwa ukutani, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Msambweni.

Baba alikuwa mlinzi wa shamba la minazi la mzungu. Bunduki ya marisau aliyopewa ilijipakia yenyewe, lakini risasi ya pili ilikuwa ikikwama kila mara. Alasiri ile aliifungua jamvini, harufu ya mafuta ya taa ikajaa ua mzima. Akachomoa springi iliyolegea, akatia mpya, kisha akaijaribu kwa mkono. Risasi zikapita moja moja, ta, ta, ta. Nikapiga makofi.

“Kesho utaniwindia kanga, baba?”

“Inshallah, mwanangu.”

Mama alikuwa akikuna nazi, ametugeuzia mgongo. Nilidhani amechukia jamvi lake kuchafuliwa. Sikujua kwamba mzungu alikuwa ameuza shamba, na baba ameambiwa airudishe bunduki ikiwa nzima, kisha asionekane tena kazini.

Kesho yake alirudi mikono mitupu. Nilinuna, hata shikamoo sikumpa. Baba akachutama mbele yangu.

“Niwie radhi, mwanangu,” akasema.

Laiti angenigombeza.