Ubatizo wa Yosefu

Mwezi wa Mei katika Changamwe ya utoto wangu ulinuka asumini, nta ya mshumaa na matope ya masika. Asumini tuliichuma uani kwa Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wetu, aliyetupangisha vyumba viwili baba alipohamishiwa Mombasa na kazi yake ya reli. Sisi tulikuwa Wataita na Wakatoliki, yeye Mwislamu wa kuzaliwa hapo hapo, lakini maua hakutunyima hata siku moja. “Mpelekeeni Bibi Mariamu,” alikuwa akisema, “hata sisi twamuheshimu.” Tulikuwa tukiyatunga kwenye uzi, tukikimbia chini ya mvua hadi kanisa la mabati, tukimvisha sanamu ya Bikira shingoni, kisha tukipiga magoti kusali rozari huku maji yakitudondokea mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea.

Mafundisho ya dini tulipewa na Mwalimu Stefano, katekista mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mwezi huo wa Maria alitufundisha kwamba binadamu wote huzaliwa na dhambi ya asili, isipokuwa Bikira Maria peke yake, aliyekingiwa tangu tumboni mwa mamake. Mimi nikauliza kwa nini Mungu aliyemkinga mmoja asiwakinge watoto wachanga pia. Nikaambiwa nikae chini. Mtoto akifa bila ubatizo, alisema, huenda mahali pasipo na mateso, ila hatamwona Mungu milele. Ndiyo maana kila mmoja wetu, hata mtoto, alipaswa kujua kubatiza penye hatari ya kifo: unamimina maji kichwani huku unatamka, “Nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu,” bila kuacha hata neno moja. Tulijifunzia kwenye nazi. Niliibatiza ile nazi mara nyingi hata wenzangu wakanicheka kwamba imeokoka kuliko sisi sote.

Nilikuwa na sababu. Mama alikuwa mjamzito, na kabla yangu alikuwa amezika watoto wawili ambao hawakuwahi maji ya ubatizo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jioni niliyomsimulia somo la Mwalimu Stefano, aliacha kusonga ugali akakaa kitako sakafuni. Halafu akanishika mkono, akaniambia, “Wakesho, huyu akija vibaya, usimwache aende hivi hivi. Niahidi.” Nikaahidi. Tangu hapo nilisali rozari asubuhi, mchana na jioni, nikimwomba Mama wa Mungu amlinde mama yangu. Salamu Maria ilinikaa mdomoni hata nikiwa kisimani.

Alikuja vibaya, miezi miwili kabla ya wakati, adhuhuri ya mvua kubwa, baba akiwa kazini. Bi Mwanaisha ndiye aliyekuwa mkunga. “We Wakesho!” aliniita kutoka chumbani. “Abee!” “Lete maji, mwanangu, upesi.” Niliingia na kikombe cha bati, nikamwona ndugu yangu mikononi mwake, mdogo, rangi ya samawati midomoni, kifua kikipanda kwa shida. Mama aligeuza uso, akanitazama. Nikamimina maji kwenye paji lile la uso, nikafumbua mdomo, na yakatoka maneno ya Salamu Maria. Nilisali yote, mpaka “saa ya kufa kwetu, amina,” kwa sauti ndogo ambayo mvua juu ya paa iliimeza. Nilipotambua nilichofanya nikataka kuanza upya, lakini Bi Mwanaisha alikuwa tayari amemfunika uso. Maji yakimwagika hayazoleki.

“Umembatiza?” mama akauliza. Nikasema ndiyo. “Umempa jina gani?” Jina! Nikasema la kwanza lililonijia: Yosefu. Mama akafumba macho, akalia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyewekewa kitu mkononi, si cha aliyenyang'anywa. Bi Mwanaisha, aliyekuwa amesimama karibu nami kuliko mtu yeyote, alinitoa nje, akanifuta uso kwa leso yake. “Mtoto mchanga hana dhambi,” akasema. “Wallahi, ataenda wapi kama si peponi?” Sikumsadiki. Mimi nilikuwa na mwalimu wangu. Jioni yule mwalimu akaja kuniuliza maneno niliyotamka, nikamtajia yaliyo sahihi, yote, bila kusita. Yosefu akazikwa upande wa waliobatizwa. Jumapili ya mwisho ya Mei nikachaguliwa kumvika Bikira taji mbele ya kanisa zima, na Mwalimu Stefano akasema, “Tazameni mwenzenu.” Nilimtazama yule Mama wa plasta usoni, nikaona haya ambayo ninayo mpaka leo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua zaidi ya miaka sitini. Mama alizeeka akimtajia Yosefu Salamu Maria moja kila usiku, na kila akimtaja alinishukuru, mbele ya wageni, mbele ya wanangu. Ningemwambiaje? Juzi juzi hatimaye niliungama, kwa padre kijana anayeweza kuwa mjukuu wangu. Akanisikiliza kwa upole, akaniambia Kanisa siku hizi huwakabidhi watoto kama hao kwa huruma ya Mungu, nisijitese. Badala ya kufurahi nilikasirika. Walinitwika mzigo ule nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa wananiambia ulikuwa mtupu! Padre akanisamehe kwa jina la Mungu, nami nikasema amina. Lakini si yeye niliyemdanganya. Mwenye haki ya kunisamehe nilimzika miaka sita iliyopita, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa asante.