Tairi la Nyuma na Beseni la Buluu

Muuguzi aliponiambia niende nyumbani nikapumzike, nilidhani ananitania. Mke wangu yuko leba tangu alfajiri, mimi nikapumzike? Nilikuwa nimelizunguka benchi la nje ya wodi mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alishaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Baba, tutakupigia," muuguzi alirudia, safari hii amenikazia macho. "Kalete uji na khanga nyingine mbili. Bado sana."

Nikawasha pikipiki nikaelekea Kibamba. Nilipoacha lami na kuingia njia ya kwetu, nikahisi tairi la nyuma linacheza. Kila nikikata kona, nyuma inataka kwenda kwake. Nilifika nyumbani nikalibonyeza kwa kidole, likabonyea. Pancha ya polepole, ile inayokuachia upepo kidogo ili ujidanganye.

Mtu mwenye akili zake angejaza upepo kwa pampu ya mguu, akachukua uji na khanga, akageuza. Au angeita bodaboda. Mimi nilikuwa na kichwa changu. Miaka miwili nyuma, mke wangu alipokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa kazini Chang'ombe. Nilipigiwa simu asubuhi, nikatoka mbio, na njiani tairi hilohilo la nyuma likakaa chini. Fundi wa kando ya barabara akaziba. Sikufika mbali, likakaa tena, kwa sababu msumari aliuacha mlemle ndani ya tairi. Nikaikokota pikipiki mpaka kwa fundi wa pili, nikasimama juani nikimwangalia anavyokula muhogo kwanza. Nilipofika hospitali, mtoto alikuwa amezaliwa mfu na wanawake wa ukoo wa mke wangu, mama yake akiwamo, walishakwenda kumzika. Mtoto wa namna ile kwao hasubiriwi, na wanaume hawaendi. Mimi baba yake sikumwona hata uso. Niliambiwa tu alikuwa wa kiume.

Tangu siku hiyo sijampa fundi yeyote gurudumu langu. Nabadilisha mwenyewe nyumbani, kwa vitu vya nyumbani. Na asubuhi ile nilijiambia, safari hii chombo kitakuwa kizima. Wakinipigia, nawasha, naondoka, nafika. Huyu nitamwona.

Mama mkwe alikuwa jikoni, nje, anakoroga uji. Alikuwa amekuja wiki mbili kabla, kutoka Mbinga. Nilimwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," akaitikia bila kugeuka, maana ndivyo tunavyoishi. Huko kwao mkwe wa kiume hali meza moja na mama wa mkewe, hakai naye kiti kimoja, na hawasemezani ana kwa ana pasipo ulazima. Mimi nimekulia Temeke, hayo sikulelewa nayo, lakini miaka sita ya ndoa imenifunza. Yeye akiwa sebuleni, mimi nipo barazani. Akiwa na neno la kunisema, anakiambia kitu kilicho karibu: kuku, ndoo, mlango.

Nikapandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, nikalegeza nati, nikatoa gurudumu. Tairi lilikuwa limeng'ang'ania rimu na halitaki kuachia. Nililikanyaga kwa kisigino, nikalirukia kwa miguu miwili, wapi. Nikaenda kuchukua mchi wa kinu, nikaanza kulitwanga pembeni, nazunguka nalo, nalitukana kimoyomoyo. Lilipoachia, nikapaka sabuni ya kipande iliyolowekwa, nikachukua vijiko viwili vikubwa vya kupakulia wali, nikavichomeka mikia yake chini ya ukingo wa tairi na kukandamiza. Kijiko kimoja kikapinda. Nikachukua bisibisi badala yake.

Simu nilikuwa nimeiweka juu ya tofali, uso juu. Kila nikikandamiza naichungulia. Nilinyanyuka mara mbili kuhakikisha mtandao upo.

Tyubu ilipotoka, nikaijaza upepo na kutafuta maji ya kuonea tundu. Ndoo zetu zote zina midomo midogo. Nikaingia chumbani, nikainama, nikavuta beseni la buluu kutoka chini ya kitanda. Nililijaza maji, nikatumbukiza tyubu, nikaizungusha mpaka mapovu yakatokea. Hapo tu, mikono yangu ikiwa mle ndani, ndipo nikakumbuka lile ni beseni gani.

Baada ya yule wa kwanza, mke wangu alikataa kununua kitu chochote cha mtoto kabla hajamsikia analia. Hata soksi. Vifaa vya hospitali tulivinunua kwa sababu kliniki walivitaka. Hiki kimoja tu alikinunua kwa hiari yake, beseni la kumwogeshea, akalificha chini ya kitanda na kuniomba nisimwambie mtu. Sasa maji yake yalikuwa meusi, na mstari wa masizi ya mpira umelizunguka kote. Nilitaka kulimwaga upesi kabla halijaonekana, lakini mama mkwe alishatoka na mwiko mkononi.

Alilitazama beseni. Alinitazama miguu. Kisha akaligeukia jiko la mkaa.

"Jiko nawe, hebu niambie," alisema. "Siku hizi watu wanakwenda hospitali kwa kubingirisha gurudumu?"

Sikujibu, kwa kuwa sikuulizwa mimi. Nikaikwaruza tyubu kwenye ngazi ya saruji kwa kukosa msasa, nikapaka gundi, nikapuliza, nikabandika kiraka. Nikapapasa ndani ya tairi kwa vidole mpaka nikaupata mwiba wa waya, nikautoa. Hapo nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Dar es Salaam. Nikarudisha tyubu, nikakandamiza kwa vijiko, tairi likaingia. Nikapampu. Nikasikia *fsss*, si mahali pa zamani. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeibana tyubu kati ya kijiko na rimu, nikaing'ata mwenyewe, matundu mawili sambamba.

Niliutupa mchi. Nikauokota. Jasho linaingia machoni na siwezi kulifuta kwa sababu ya mikono. Nikaanza tena mwanzo: kisigino, sabuni, vijiko. Tyubu ilikuwa nusu nje nusu ndani simu ilipolia.

"Baba, uko wapi?" Ni yule muuguzi, lakini sauti haikuwa ile ya asubuhi. "Mtoto amechoka. Daktari anampeleka mkeo upasuaji sasa hivi. Njoo."

"Nakuja. Namalizia tairi."

Nikakata simu, nikashika vijiko. Nasema ukweli: nilishika vijiko. Akili yangu ilikuwa inahesabu viraka viwili, gundi ikauke, kupampu, kufunga nati, dakika ishirini, labda kumi na tano. Bila pikipiki nilijiona sina miguu.

Kivuli kikaniangukia. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama, na alikuwa ananitazama usoni. Hakutafuta kuku wala ndoo.

"Mwaka ule pia ulikuwa unamalizia tairi," alisema.

Ningeweza kuiacha pikipiki siku ile kwa yule fundi wa kwanza na kudandia gari lolote. Hilo nalijua. Nimelijua miaka miwili yote na sijawahi kumwambia mtu, nikawa nalaumu msumari na muhogo.

"Liache hapohapo, mwanangu. Twende."

Tukatoka mbio. Kwenye njia panda alikuwepo bodaboda mmoja tu.

"Braza, mmoja mmoja," akasema. "Mshikaki trafiki wananikamata hapo mbele."

"Nitakukamata mimi kabla yao," mama mkwe akamjibu, na alishapanda.

Akakaa katikati, chupa ya uji mapajani, begi la khanga begani, na mimi nyuma yake. Mimi, ambaye kwa miaka sita sijakalia hata mkeka wake, nimebanwa mgongoni kwake kama gunia. Mikono yangu nimeiinua hewani ili nisimchafue, kama mtu aliyeshikwa na polisi. Kwenye tuta nikataka kuanguka, akanivuta shati bila kugeuka.

"Shika," alifoka. "Utaanguka bure!"

Nikamshika mabega. Vidole vyangu vyote kumi vikajichora kwenye khanga aliyojitanda.

Hospitali tuliambiwa tusubiri. Nilinawa bombani kwa sabuni ya unga, nikanawa tena kwa mchanga wa kwenye bustani ya maua. Weusi wa tairi unaingia kwenye mistari ya kiganja na kukaa. Nikazunguka benchi. Mlinzi yuleyule akanitazama, hakuuliza. Mama mkwe alikaa, midomo inasali.

Kisha mlango ukafunguka, na kabla sijamwona mtu nikasikia kilio. Kikali, cha hasira, hakina haja ya kuelezwa.

"Mama yake mzima, anashonwa," muuguzi akasema. "Baba nani?"

Nikanyoosha mikono. Akairudisha nyuma khanga yenye mtoto.

"Kwa mikono hiyo? Hapana baba, kaoshe."

"Nimeosha."

"Basi bibi ampokee."

Mama mkwe akampokea. Nikaificha mikono nyuma, nikajiambia si neno, nitaona kwa mbali, wa mbali naye anaona. Nilikuwa nataka kulia mbele za watu. Lakini yeye hata hakumtazama mjukuu wake. Alimrudishia muuguzi, akavua khanga iliyokuwa begani mwake, ile yenye vidole vyangu kumi, akaigeuza upande safi, na kunifunga mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Ndipo akamchukua mtoto na kuniwekea.

"Mtazame vizuri," alisema. "Yule hukumwona."

Nikamtazama. Wa kike. Amekunja uso, ngumi mbili ndogo, na masikio makubwa yaliyochomoza, masikio yangu niliyotaniwa nayo shule nzima. Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale pale, hajarudi mbali, nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Mama, yule alifanana na nani?"

Kisha akanyoosha kidole, akaligusa sikio la mtoto.

"Alikuwa nayo haya haya."