Nyumba Iliyouzwa Kabla ya Mnada

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya udalali wa nyumba, kule Bluff, ugenini kwa Wazulu, nilipewa nyundo na ngazi. Shule niliishia darasa la saba huko Tanga, kwa hiyo sikushangaa. Kazi ilikuwa kupigilia mabango ya kuuza nyumba na kuyang'oa mnunuzi akipatikana. Baadaye nilihamishiwa Glenwood kupangisha vyumba vya wanafunzi, na mwisho Isipingo. Huko meneja, mama wa Kikenya, alinifundisha kuuza nyumba za watu walioshindwa kulipa benki.

Nyumba hizo zilikuwa na njia mbili. Moja ni mnada wa sherifu, yaani ofisa wa mahakama: anauza kwa bei atakayoipata, na mwenye nyumba hana kauli. Nyingine ni kuuza mwenyewe kwa kibali cha benki. Unatafuta mnunuzi kupitia kwa dalali, na benki inakubali bei hata isipofikia deni. Mara nyingi bei huwa nzuri kuliko ya mnadani, gharama za mahakama hupungua, na deni linalobaki huzungumzwa. Anayekwambia kwamba linafutika lenyewe anakudanganya.

Mabango hatukuyaweka kwenye nyumba hizo. "Jirani akijua una shida," meneja alisema, "mnunuzi atajua kabla ya chai."

Mama Furaha, Mkongomani muuza vitenge, alikuwa amefiwa na mumewe. Malipo yalisimama, mnada ukapangwa, lakini benki ikampa nafasi ya kuuza kwanza. Akakataa kutia saini. Shemeji yake mkubwa alitarajiwa kutoka Lubumbashi kuja kuanua matanga, na kwao nyumba ya marehemu haiguswi kabla ya hapo.

"Baba, nitauzisha nyumba namna gani na kilio haijaisha?"

"Mama, sherifu hasubiri kilio."

"Haogopi Mungu?"

"Anamwogopa hakimu."

Alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Niliporudi mikono mitupu, meneja alinijia juu. "Wewe Mtanzania, utamsalimia huyo mama mpaka mnada upite!"

Nikamwambia mama hakatai kuuza, anakataa kuondoka kabla ya matanga kuanuliwa. Akavuta karatasi na kalamu.

"Basi tuandike hivyo kwenye mkataba. Tukiuza wenyewe, tarehe ya kuhama tunapatana. Mnadani nani atamuuliza?"

Mama Furaha akatia saini kwa sharti hilo. Mnunuzi wa kwanza alipolisikia alishika kichwa. "Eish, mimi nanunua nyumba, sinunui msiba."

Wa pili, muuguzi wa Kizulu, aliuliza kama mjane bado amevaa nguo nyeusi. Nikasema ndiyo.

"Hata kwetu mjane huzivulia kwake," akasema. "Nitasubiri."

Benki ikaridhia bei yake na mnada ukafutwa. Shemeji alifika, matanga yakaanuliwa ndani ya nyumba ile, watu wakala na kuimba. Kesho yake Mama Furaha alifagia vyumba vyote, akamkabidhi muuguzi ufunguo mkononi. Deni lililobaki benki ililipunguza, akalilipa kidogo kidogo. Alihamia chumba cha kupanga. Sisemi alifurahi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa Kikongo na Kikenya huniuliza wafanye nini benki ikianza kuwaandikia. Nawaambia waende wakaongee mapema, maana siku za mwanzo benki husikiliza, na mnada ukishafanyika hakuna wa kuongea naye. Wengine huona aibu, wakangoja. Nyumba zao nimeziona zikiuzwa.

Mwaka huu mke wangu alifariki. Mama Furaha alikuja na sufuria zake, akapikia wageni wa matanga siku zote, akaosha vyombo. Siku ya kuondoka aliangalia kuta za sebule yangu, akauliza kwa sauti ndogo:

"Baba, nyumba hii iko na deni?"

"Haina, mama. Tulimaliza kulipa."

"Basi," akasema, "ulie polepole."