Alama Nilizoweka Kwenye Mifupa ya Mbuzi

Nilifika Karatu siku ya tatu tangu niondoke Mpanda. Treni ilinifikisha Tabora, basi likanifikisha Singida, na hapo nikapata lori tupu lililokuwa linakwenda kubeba vitunguu Baray, upande wa Ziwa Eyasi. Tulipita Haydom na Mbulu, mimi nikiwa nimekaa nyuma juu ya magunia matupu, na kila tulipovuka korongo nilishika kamba kwa mikono miwili. Dereva alinishusha njia panda ya Karatu, akaniuliza nina ndugu gani pale. Nikamwambia sina. Akacheka, akaondoa gari.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nina cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa nimeshafanya kazi katika miji saba. Sikuwahi kufukuzwa popote. Nilikuwa nachoka tu na mahali, naaga. Kazi niliyoijua ilikuwa moja, kuchinja na kukata nyama, niliyofundishwa na baba yangu nyumbani Rombo. Siku ya pili nilipata kazi bucha moja pale mjini, na siku hiyohiyo ndipo ilipoanzia njia ya kazi ninayotaka kuwaeleza vijana, kwa sababu naona siku hizi wengi wenu mnaajiriwa kwenye kambi za utafiti bila mtu kuwaambia kinachofanyika kule.

Aliingia mzee mmoja mrefu, Mwiraqw, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali.

"Nipe mguu wa nyuma wa mbuzi, mzima," alisema. "Usiguse kwa shoka."

Nikautoa kwenye nyonga kwa kisu. Aliugeuza, akaukagua pale kwenye kiungo kama mtu anayetafuta kupe.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa baba, mzee. Rombo."

"Unaweza kukata hivi kwa jiwe?"

"Jiwe gani?"

"Jiwe. Haya tunayoyakanyaga."

Nilidhani ananitania, nikamwambia kwa jiwe sijajaribu, lakini kama mshahara upo nitajaribu hata kwa kijiko. Hakucheka. Huyo alikuwa Mzee Sulle, msimamizi wa wafanyakazi katika kambi ya watafiti wa mambo ya kale, na baada ya wiki mbili nilikuwa chini yake.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kambini, chini bondeni, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Kazi ilikuwa kuchekecha udongo. Wachimbaji wanakwangua ardhi kidogo kidogo, udongo unamwagwa kwenye chekeche la waya, na wewe unabaki na vipande vya mifupa iliyogeuka jiwe. Mifupa ile ni ya swala, pundamilia na wanyama wengine walioliwa pale zamani mno, kabla binadamu hajawa kama sisi. Mkuu wa kambi alikuwa Profesa, mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukizungumza taratibu bila kukosea hata neno. Ndiye aliyetueleza kwa nini watu wazima wanakaa juani kuchekecha vumbi.

"Ubongo ni mlaji mkubwa," alisema. "Ni mdogo kwa uzito, lakini karibu sehemu moja ya tano ya chakula unachokula leo italiwa na ubongo peke yake. Babu zetu wa mwanzo walikuwa na ubongo mdogo na tumbo kubwa. Baadaye ubongo ukakua. Nani alilipa gharama hiyo? Walikula nini?"

"Ugali," mtu akajibu kutoka nyuma.

"Ugali ulichelewa," Profesa akasema, naye akaendelea kuchora ubaoni.

Wako wanaosema ilikuwa nyama, na uboho, yale mafuta yaliyo ndani ya mfupa, ambayo yalipatikana kwa kupasua mfupa kwa jiwe. Wengine wanasema ilikuwa mizizi, na wengine wanasema hakuna kilichosaidia mpaka moto ulipoanza kulainisha vyote viwili. Kituo changu cha pili kilikuwa Baray, nilikopelekwa msimu mmoja kumsaidia Daktari kupima mizizi inayochimbwa na akina mama wa Kihadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma porini. Daktari alikuwa mtafiti wetu wa pili, mwanamke wa Dar es Salaam, mdogo kwangu kwa miaka michache, mwenye sauti ya chini na asiyesahau kitu. Nilikuwa nabeba mizani. Akina mama wale walichimba kwa vijiti na kula palepale huku wakicheka jinsi ninavyowakimbilia kupima kabla hawajameza. Mmoja alinipa kipande nitafune. Kilikuwa kama kutafuna kamba yenye sukari kidogo, nikakitema, wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo sikumbishia mtu anayesema kutafuna ni kazi.

Kituo changu cha tatu ndicho kilichoniweka na ndicho kilichoniondoa. Daktari alikodi banda la zamani la kahawa Oldeani, lenye meza ndefu za kuanikia, na pale tukaanza kazi ya mbuzi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mtu anapokata nyama kwa jiwe, ncha ikigusa mfupa inaacha mkwaruzo, na mkwaruzo huo haufutiki hata mfupa ukigeuka jiwe. Jino la simba au fisi nalo lina alama yake. Kwa hiyo ukihesabu mikwaruzo kwenye mifupa ya kale, unaweza kukisia nani aliipata nyama kwanza, mtu au simba. Lakini kwanza lazima ujue mbuzi mzima aliyekatwa kwa jiwe anaacha alama ngapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mbuzi alichinjwa kwa kisu asiteseke, kisha Mzee Sulle alikifungia kisu kabatini, nami nikaendelea kwa vibanzi vya gumegume, vipande vyembamba vinavyoruka ukigonga jiwe kwa jiwe. Mwishoni tulichemsha mifupa mpaka ikawa myeupe, na Daktari akaikagua kwa hadubini.

Kwa mbuzi wa kwanza alikuta alama tatu. Wa pili, moja. Wa tatu, hakuna.

Aliniita mezani.

"Kanuti, unakata au unapapasa?"

"Nakata, Daktari."

"Mbuzi mzima, jiwe halijagusa mfupa hata mara moja?"

"Jiwe likigusa mfupa linaisha makali. Baba alikuwa—"

"Sijakuuliza baba." Aliusogeza mfupa kando. "Profesa anauliza kama una kisu kingine."

Sikuwa na kisu kingine. Nilimwambia hivyo, akasema sawa, akaandika kitu. Lakini niliona kwamba mbuzi watatu wale aliwafuta kwa mstari mwekundu daftarini.

Nikatoka nje kuchochea moto wa sufuria. Mzee Sulle akaja akasimama karibu.

"Wewe Mchaga, hata mfupa unauonea huruma?"

"Mzee, ndivyo nilivyofundishwa."

"Najua. Ndiyo maana nilikuchukua. Sasa nakwambia, wanataka alama. Wape alama. Gusagusa mfupa, mwanangu, wiki mbili tu, tulale kwa amani."

Nyinyi vijana mwelewe hali yangu. Wakati ule nilikuwa katika mwaka wa nne tangu nifike Karatu. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali popote miaka minne tangu nitoke kwetu. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Karatu, nimepanda migomba nyuma ya nyumba, na Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kazi ya mbuzi ikiisha vizuri wataniajiri moja kwa moja, niwe mtunza mifupa wa mkusanyo wote. Kwa mara ya kwanza nilitaka kubaki. Mbuzi wa nne nilimkata kama kawaida, halafu nilipomaliza nikachukua kibanzi nikakwaruza mfupa wa paja mara sita, na mfupa wa mkono mara tano.

Daktari alifurahi. Hakuniuliza kitu. Nikaendelea hivyo mpaka mbuzi wa kumi na nane.

Halafu walikuja wanafunzi wa chuo kutembelea banda. Nilikuwa naingiza birika la chai wakati Daktari anawaonyesha.

"Sasa tunajua," aliwaambia. "Mtu akikata kwa jiwe, anaacha alama nyingi, hasa katikati ya mfupa. Mifupa yetu ya bondeni ina alama chache sana. Maana yake waliifikia wakati nyama imeshaisha."

"Kwa hiyo walikula makombo ya simba?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Makombo na uboho."

"Madam, yaani babu zetu walikuwa wanasubiri simba ashibe?"

Wakacheka, naye akacheka. Nikaweka birika chini. Nilimimina vikombe vyote kumi na viwili huku nikijua nimefanya nini. Ule wingi wa alama ulikuwa wangu. Na uchache wa alama za bondeni huenda ulikuwa wa watu waliojua kazi kama baba yangu, waliochoka kuchonga vibanzi vipya, wakaona heri wasiguse mfupa. Sikuwa na hakika. Lakini Daktari naye hakuwa na hakika, na hakujua kwamba hana. Wiki iliyofuata angepeleka hesabu zile kwa Profesa, zikachapishwe kwa jina lake mwenyewe.

Nilisubiri wanafunzi waondoke.

"Daktari, kuanzia mbuzi wa nne, alama nyingi niliziweka mwenyewe. Baada ya kukata. Kwa kusudi."

Aliweka kalamu mezani.

"Kwa nini?"

"Mlitaka alama."

"Nilitaka ukweli, Kanuti."

"Ukweli nilikuletea mbuzi watatu, ukaupigia mstari."

Ni kitu pekee cha ukali nilichowahi kumwambia mkubwa wangu wa kazi. Aliuliza nani alinifundisha kukwaruza, nikasema nilijifundisha. Alitoka nje, akapiga simu, akaongea na Profesa muda mrefu akizunguka banda. Aliporudi alisema mambo mawili. La kwanza, kesho nitamkata mbuzi mmoja mbele yake, yeye akiwa amekaa hatua mbili kutoka mikononi mwangu. La pili, baada ya hapo nitapitia naye mifupa ya mbuzi wote na kumwambia alama moja moja ni ya namna gani, halafu nitaondoka. Profesa alikuwa amesema mtu aliyeingiza mkono wake kwenye hesabu hawezi kutunza mifupa. Sikubishana na neno hilo. Hata leo silibishii.

Mbuzi yule alitoa alama mbili. Daktari hakuondoa macho kwangu tangu mwanzo mpaka mwisho, hata maji hakunywa.

Kupitia mifupa kulichukua siku nne. Aliweka mabeseni matatu mezani. La kwanza la mifupa ambayo jiwe liliteleza lenyewe, la pili la mifupa niliyoikwaruza, la tatu la ile nisiyoikumbuka. Alielekeza penseli kwenye alama, mimi nikajibu. Iliteleza. Kusudi. Kusudi. Sijui. Siku ya kwanza Mzee Sulle alikuja adhuhuri, akavua kofia, akamwambia Daktari kwamba mimi nilikata na yeye alishauri, na kama kuna mtu wa kwenda basi waende wawili. Daktari akamwambia, "Mzee, kakae. Mbuzi hawajalishwa." Sikumwona tena mchana ule.

Siku ya tatu Daktari aliuliza ninazitofautishaje alama.

"Za kusudi niliziweka katikati ya mfupa," nilimwambia, "ambako hakuna mtu ana shida ya kupita. Nyama ya pale inavulika yenyewe ukiishika. Za kuteleza ziko hapa, karibu na kiungo. Unatafuta kano, huioni, unazama kidogo."

Aliandika. Kisha akainuka, akaleta picha za mifupa ya bondeni, zile zilizokuzwa, akaniwekea moja mbele.

"Na hii?"

"Hii iliteleza."

"Hii?"

"Hii pia. Palepale."

"Ya tatu."

Niliiangalia muda mrefu. Ulikuwa mfupa wa swala, alama tatu fupi zimepangana juu ya goti.

"Huyu alikuwa mwanafunzi," nikasema. "Amejaribu mara tatu. Mwenzake angepata mara ya kwanza."

"Una hakika?"

"Sina. Nakwambia tu mahali ambapo hata mimi nateleza."

Aliirudisha ile picha taratibu, akaiweka kando ya beseni la kwanza, akaandika ukurasa mzima bila kuniuliza kitu. Sijui aliandika nini, wala sikuwahi kusoma kilichotoka baadaye. Sasa nina jiko la nyama choma Makambako, na wateja hawaniulizi habari za ubongo.

Siku ya nne mchana ulibaki mfupa mmoja, wa bega, mbuzi wa kumi na moja. Daktari aliushika kwenye mwanga wa dirisha.

"Ungenyamaza, ungekuwa mtunza mifupa," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Na mimi ningekuwa nimemaliza."

"Ndiyo."

Akanisogezea ule mfupa. Ulikuwa na alama moja ndefu, pembeni. Niliugeuza, nikaupitishia kidole, nikajaribu kuukumbuka mkono wangu siku ile, na sikuweza. Ingekuwa rahisi kusema iliteleza. Beseni la kwanza lilikuwa na mifupa michache kuliko mengine yote.

"Sijui," nikasema.

Aliuweka kwenye beseni la tatu, akafunga daftari. Nikanawa mikono, nikachukua begi langu, na Mzee Sulle akanipeleka kwa pikipiki mpaka Karatu kwenye basi la Arusha.