Dobi aliyewafungulia madiwani chumba cha magodoro

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, na Mama Povu amekwisha kugombana na shuka la kwanza. Limegoma kutakata. Analirudisha kwenye karai, analikandamiza kwa mikono iliyovaa glavu za mpira hadi viwikoni, huku akilisemesha.

"Utatakata tu, baba. Nimewashinda wakubwa zako."

Nyuma yake, kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, kuna vistari vya chaki vilivyopangwa vitano vitano. Ni hesabu ya jana: mashuka thelathini na moja, yote ya wodi ya wazazi. Wodi yenyewe ina vitanda kumi na viwili.

Jina la Mama Povu alipewa na wagonjwa, likamganda. Hata mumewe, fundi baiskeli, akithubutu kumwita kwa jina la cheti, watu humtazama kama anayemwita mke wa jirani.

Amefua hapa miaka kumi na minne. Mashine ya kufulia ilikufa mwaka juzi, na tangu hapo mashine ni yeye. "Mshahara ukiingia tarehe moja, tarehe tisa tunapeana mkono wa kwa heri," anasema. "Lakini wanangu watatu wote wamezaliwa ng'ambo ya ukuta huu. Nitaenda wapi?"

Leo ana jambo zaidi ya kufua. Saa nne, kamati ya afya ya halmashauri inakuja kukutana na bodi ya hospitali, na yeye ni mjumbe wa bodi hiyo kwa niaba ya wafanyakazi. Asidhani mtu kwamba alipiga kampeni.

"Walinichagua nikiwa kambani naanika," anacheka. "Nikarudi naambiwa hongera. Miaka miwili sasa nimesema neno moja tu kikaoni: naunga mkono."

Hospitali hii haina tajiri anayevuna faida. Ni ya wananchi wenyewe. Wazazi wao ndio waliofyatua matofali yake. Halmashauri nayo inachangia wakunga watano na kuwalipa. Mkataba huo unakwisha Ijumaa.

Wiki iliyopita ilikuja barua. Halmashauri inasema vitanda kumi na viwili vinatoshwa na wakunga wawili, hivyo watatu watahamishwa. Wakibaki wawili, wodi itafungwa kila jioni, na mama atakayeshikwa na uchungu baada ya hapo atasafirishwa kilomita arobaini na sita.

"Mtoto anayetaka kutoka hasomi ratiba," anasema Mama Povu, akilikamua shuka kama analidai.

Saa mbili, mlango unasukumwa na godoro. Nyuma ya godoro yupo muuguzi mkuu wa wodi, na nyuma yake wafagizi wawili wenye magodoro mengine.

"Dada, tusitiri," anahema muuguzi. "Ni tisa leo."

Hii ndiyo desturi ya hapa. Wageni wa halmashauri wakitarajiwa, magodoro ya akina mama wanaolala sakafuni hufichwa kwa dobi. Wenyewe huketishwa na vichanga vyao kwenye benchi la nje, kama watu waliokuja kliniki. Bodi iliamini kwamba hospitali nadhifu husaidiwa na iliyofurika hufungwa. Ikawa kufunika kombe mwanaharamu apite, na kila akipita, akaenda kuandika kwamba hapa hakuna shida.

Mama Povu anayatazama magodoro yakipanda mpaka darini.

"Sista, wageni wanakuja kupima shida zetu, na sisi tunazificha kwangu?"

"Unataka watufungie?"

"Kwani Ijumaa watatufanya nini?"

Muuguzi anageuka kwenda kuwaketisha akina mama nje. Mama Povu anafunga chumba, anatia ufunguo mfukoni.

Kikaoni wapo madiwani saba. Mmoja ana sauti ya kengele ya shule, na anaitumia.

"Nimetoka wodini sasa hivi. Vitanda kumi na viwili, akina mama kumi na wawili. Katikati pana nafasi ya kuchezea mpira! Wakunga watano wa nini? Wanabadilishana golini?"

Wenzake wanaangua kicheko. Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu, anatabasamu kwa meno bila macho. Mama Povu ananyoosha mkono.

"Mama Povu anaunga mkono," Mwalimu anamwahi.

"Hapana, Mwalimu. Leo siungi."

Chumba kizima kinamgeukia. Anasimama, ufunguo mkononi.

"Waheshimiwa, mficha uchi hazai. Na sisi hapa kazi yetu ni kuzalisha. Naomba mnifuate kwangu. Ni hatua thelathini."

Wanamfuata, Mwalimu mkiani. Ufunguo unazunguka, mlango unafunguka, godoro la juu linateleza na kumwangukia diwani wa kengele miguuni.

"Haya ni ya nani?"

"Ya wenzao na mliowaona. Vistari vile ni mashuka niliyofua jana. Wenye magodoro wako pale benchi."

Diwani anakwenda mwenyewe hadi benchi. Anainama kwa msichana aliyemkumbatia kichanga.

"Umekuja kliniki, mwanangu?"

"Nimejifungua jana saa saba mchana, mheshimiwa. Nimeambiwa nikae hapa mpaka muondoke."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, sauti ya kengele inatoka kama mnong'ono. "Mrudisheni akalale. Wote." Kisha anamgeukia Mwalimu. "Mmetudanganya miaka mingapi?"

"Sita," anasema Mwalimu. Hatafuti wa kumsukumia. "Niandikeni mimi."

Madiwani wanarudi ndani, safari hii peke yao, na mlango unafungwa kwa dakika arobaini. Mama Povu anakwenda kambani. Analianika shuka moja, analianua, analianika tena.

"Nilijua nimeiua hospitali kwa mikono yangu hii hii," anasema. "Nikawaza, wanangu wataambiwa mama yenu ndiye aliyefunga wodi mliyozaliwa."

Mlango unafunguka. Mwenyekiti wa kamati, mama mfupi mwenye karatasi ndefu, anasoma bila mbwembwe. Wakunga watano wanabaki na wawili wanaongezwa, kwa miaka mitatu. Kuanzia sasa watahesabiwa akina mama, si vitanda. Madiwani watakuja siku yoyote bila taarifa. Na kila miezi mitatu bodi itakaa mbele ya wananchi, mlango wazi, ijibu maswali. Kura sita kwa moja.

Muuguzi mkuu anapiga kigelegele mpaka vichanga wodini wanamjibu. Wafagizi wanamnyanyua Mama Povu juujuu, viatu vya mpira vinaning'inia.

"Na ile kura moja?" anauliza akiwa hewani.

"Yangu," inalia kengele. "Nilitaka waongezwe watatu!"

Mwalimu anasubiri ashushwe ndipo anasogea. "Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu."

"Nimekufulia tu, Mwalimu."

Mzee anacheka mpaka anafuta macho. Halafu anampa kazi: mkutano wa kwanza wa wananchi ni mwezi ujao, na mambo yote ya usafi atayajibu yeye.

Mama Povu ana mipango. Ataomba mashine ya kufulia mbele ya umati, ambapo hakuna diwani atakayejifanya hakusikia. Baada ya mashine, magodoro mapya. Baada ya magodoro, wodi yenyewe ipanuliwe. Anayataja kwa vidole na vidole vinamwishia.

Kinachomtisha ni mtu mmoja tu. Mama mkwe wake alilazwa hapa mwaka jana, akalalia shuka lenye kiraka, na hajalisahau. Amekwisha kutangaza kwamba atakaa kiti cha mbele.

"Nyumbani nikimwuliza ananijibu, 'Mama, nitashughulikia,'" anasema bibi huyo kwa simu, sauti imejaa furaha ya vita. "Sasa aniambie hivyo mbele ya watu wote, tumsikie!"

Ujumbe unafikishwa kwa mkwewe. Mama Povu anacheka, kisha anaacha kucheka, kisha anakaza glavu.

"Aje," anasema. "Aniulize. Na jibu langu lisipomridhisha, aulize tena."