Arobaini na Mmoja Walimuua Mama Aliye Hai

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza anapiga mstari katikati ya ubao. Kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Chaki inamkatikia mkononi, anaguna. Mbele yake wamebanana wanafunzi hamsini na wanne wa kidato cha nne, kwa vitabu tisa tu.

"Haya, tugombane," anawaambia. "Huyu mama kwenye hadithi kaondoka kwake. Kamtelekeza mtoto, au hana kosa? Semeni kwa lugha inayowatoka."

Darasa linalipuka. Hoja iliyosimama anaiandika kushoto, kisha wote wanahangaika kuijengea sentensi upande wa kulia, kwa Kiingereza cha mtihani.

Shuleni wanamwita Madam Mstari. Ana miaka kumi na minne kazini, na hasira zake hazijifichi. Ukitaka kuziona, mtajie vitini, yale majibu yaliyopigwa chapa ambayo wanafunzi hununua na kukariri.

Muhula uliopita, darasa hilihili lilifanya mtihani wa hadithi hiyo. Wanafunzi arobaini na mmoja wakaandika, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mama alikufa. Hafi! Ukurasa wa mwisho yupo uani anafua nguo. Mwandishi wa kitini alikosea, nao wakakimeza kama kilivyo.

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema. "Jamani, mtoto namfundisha miaka minne, hajui hata nani mzima nani marehemu!"

Kinachomchoma zaidi ni kwamba walifaulu. Alama nyingi zilikuwa za lugha, wastani ukafika hamsini na nane. Tangu aanze mstari wake, wanaandika mawazo yao wenyewe kwa Kiingereza kinachochechemea, na wastani umeshuka hadi arobaini na tisa.

Mwalimu mkuu amekuja juu. "Hili ni darasa au kijiwe?" alimuuliza mbele ya walimu wenzake. "Somo ni la Kiingereza, Kiswahili kinatafuta nini humo?" Wastani usipopanda, likizo ikiisha atahamishiwa kidato cha kwanza, na darasa lake lirudi kwenye vitini.

Hata mumewe, fundi cherehani, amemchoka. "Mama watoto, wape vitini upumzike."

"Nilimkata jicho, akarudi kwenye cherehani yake," anasema. "Nipumzike vipi? Zamani nikiuliza swali, wote wanainama. Sasa hawanyamazi hata kengele ikilia, halafu naambiwa nimeharibu!"

Juzi alibisha hodi ofisini kwa mkuu na ombi moja: aje Alhamisi aketi na wanafunzi, awaulize chochote kuhusu hadithi, kwa lugha yoyote. Mkuu alikuna kidevu, akakubali kwa shingo upande.

Mwalimu anajifuta chaki kwenye sketi.

"Mimi siombi anibakize," anasema. "Akitaka kuniondoa, aniondoe. Ila awe ameshawasikia."